Kamati za Vyeo Zisome, Zisihesabu Tu

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani. Aliipachika makosa ambayo mhakiki makini asingeyapita, akaweka majina ya watafiti na taasisi zisizokuwepo, moja akidai iko Asmara. Akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni. Majarida 157, zaidi ya nusu, yaliikubali. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Science na kuwashtua wasomi.

Biashara ya majarida kama hayo haikufungwa. Hadi leo mhadhiri wa Nairobi au Dar es Salaam hufungua barua pepe akakuta jarida asilolijua linammwagia sifa na kumwahidi kuchapisha makala yake ndani ya wiki moja, mradi alipe dola. Mhakiki hakuna. Mhariri anayetajwa pengine hajui kwamba jina lake limetumika. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa udanganyifu wa namna hii, ukiwemo kuwaficha watafiti ada mpaka makala zao ziwe zimekubaliwa.

Wachapishaji hao wanastahili lawama. Lakini soko lao tumelitengeneza wenyewe vyuoni. Mwanafunzi wa uzamivu anadaiwa makala zilizochapishwa ndipo ahitimu. Mhadhiri anadaiwa idadi fulani ndipo apande cheo. Jarida la kweli huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na linaweza kukataa. Kamati inayohesabu makala kumi bila kufungua hata moja inamfanya aliyelipa ampite aliyesubiri.

Anayetuumiza roho zaidi ni mtafiti chipukizi aliyefanya kazi halali akanaswa bila kujua. Data aliyozunguka vijijini kuikusanya inaishia kwenye tovuti inayoweza kuzimwa kesho, na jarida la heshima haliipokei tena makala hiyo kwa kuwa imeshachapishwa kwingine.

Tunazitaka kamati za vyeo zibadili utaratibu: mwombaji alete makala zake tatu bora, wataalamu wa fani yake wazisome, naye aulizwe maswali juu ya makala hizo. Na wewe mwanafunzi uliyepokea barua ya sifa leo, usilipe hata senti kabla ya kumwonyesha mkutubi wa chuo chako.