Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Virusi vya Kompyuta Hujifichaje?



Zamani mweka hazina wa kikundi cha akina mama aliandika michango yote katika daftari moja, akalifungia sandukuni. Adui wa daftari lile walikuwa mvua, panya na mtoto mwenye kalamu. Leo hapa Igogo mambo yamebadilika. Ukishuka kutoka kwenye nyumba zetu za mlimani penye mawe hadi barabara ielekeayo Mkuyuni, utawakuta vijana wa steshenari wakichapa barua, wakitoa kopi za vyeti na kupanga hesabu za vikoba. Kumbukumbu zetu tunazibeba katika flashi ndogo kuliko kidole, na fedha zetu tunaziweka katika simu.

Adui naye amebadilika. Mwezi huu tuzungumze juu ya virusi vya kompyuta: ni vya aina gani, na kwa nini hukaa ndani ya nyumba bila mwenye nyumba kujua.

KIRUSI CHA KOMPYUTA NI NINI?

Si mdudu, wala hakiletwi na vumbi au unyevunyevu wa ziwa. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu kwa makusudi, yenye uwezo wa kujinakili na kuhamia mahali pengine. Tumekipa jina la kirusi kwa sababu, kama kile cha mafua, hakiwezi kuishi peke yake. Hujishikiza kwenye kitu kizima, kisha hukitumia kitu hicho kuzaliana.

Kuna programu za kukinga virusi. Kwa kawaida programu hizo hufanya kazi kama mlinzi wa getini aliyepewa picha za wezi. Kila faili inayopita hulinganishwa na picha hizo, ikifanana, inakamatwa. Hapo ndipo ujanja wote wa virusi ulipoanzia. Mwizi aliyejua kwamba picha yake iko getini hakuacha wizi. Alitafuta namna ya kutofanana na picha.

AINA ZAO NA MBINU ZAO

1. Kinachoonyesha daftari la zamani. Mwaka 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, walitoa kirusi kilichoitwa Brain. Kilikaa katika sehemu ya diski ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. Mtu alipotaka kuikagua sehemu hiyo, kirusi kilimwonyesha nakala safi kiliyokuwa kimeiweka pembeni. Ni kama mtoto aliyefeli hesabu, ambaye mama akiuliza humletea daftari la mwaka jana lenye vema tupu.

2. Kinachobadili sura. Kirusi cha Cascade, cha mwaka 1987, kilifanya herufi zidondoke kutoka juu ya kioo na kurundikana chini. Mwili wake ulifungwa kwa maandishi ya siri ili usisomeke. Lakini sehemu ndogo ya kuufungulia ilibaki ile ile siku zote, na kwa hiyo walinzi walikikamata. Mwaka 1990 kikatokea kingine kilichoitwa 1260, ambacho kilibadilisha hata ile sehemu ya kufungulia kila kilipojinakili. Tangu hapo picha moja haikutosha tena, maana watoto wa kirusi kimoja hawakufanana.

3. Kinachongoja siku yake. Kirusi cha Michelangelo kilikaa kimya mwaka mzima, kisha tarehe 6 Machi kiliharibu yaliyomo katika diski. Vipo pia vya siku hizi ambavyo huchunguza kwanza kama viko ndani ya mashine ya wataalamu. Vikihisi vinatazamwa, hutulia kama havina kosa.

4. Kinachokuja ndani ya barua. Virusi kama Concept, cha mwaka 1995, vilijificha ndani ya nyaraka za kawaida za kuandikia, ambazo watu walidhani haziwezi kubeba kirusi. Tarehe 4 Mei 2000, kutoka Ufilipino, ilienea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda. Faili iliyoambatanishwa ilionekana kama maandishi tu, kumbe mwisho wa jina lake, uliokuwa ukiitambulisha kuwa programu, haukuonekana. Aliyeifungua aliwatumia watu wote waliokuwa katika orodha yake bila kujua. Angalia ujanja huo: barua ilitoka kwa mtu unayemfahamu.

5. Mnyoo. Huyu hangoji ufungue kitu. Hupita mwenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mtandao, akitafuta tundu katika mitambo. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili uyafungue. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa, na Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba dawa ya kuziba tundu lile ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo huo. Wengi hawakuiweka.

6. Zawadi yenye adui ndani. Huitwa Trojani, kwa ajili ya hadithi ya kale ya farasi wa mbao aliyeficha askari. Huyu si kirusi hasa, maana hajinakili, lakini ni ndugu yao wa karibu na ndiye anayetusumbua zaidi katika simu. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Ethiopia, zilikutwa na Trojani wawili, Triada na xHelper. Walijaribu kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia, na salio likaliwa kimyakimya. Watengenezaji walisema tatizo lilitoka kwa mtu mwingine katika msafara wa kuzifikisha simu sokoni. Tena xHelper alijulikana kwa kubaki hata simu iliporudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2021 Triada huyo huyo alikutwa ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ile WhatsApp ya kuchakachua ambayo vijana huipenda kwa mapambo yake.

KILE CHA FLASHI

Sasa turudi steshenari, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Tuseme mama mweka hazina amekwenda kuchapa hesabu za kikoba kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka. Anachomeka flashi kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za watu thelathini. Jioni anaifungua kwingine na kuona folda zake zote zipo kwa majina yale yale, ila kila moja ina kishale kidogo pembeni.

Kishale hicho ndicho dalili. Kirusi kimezificha folda za kweli na kuweka za bandia zenye majina hayo hayo. Ukibofya ya bandia, kwanza inakiamsha kirusi, halafu inakufungulia folda yako ya kweli. Kwa kuwa umeona kazi yako, huna wasiwasi wowote. Wakati huo huo kirusi kimehamia kwenye kompyuta hiyo, kikingoja flashi ya jirani yako.

Basi usikubali mtu akuambie haraka, "Mama, hii tufute yote tuanze upya." Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, hayajapotea. Fundi anayejua atayafichua, ayanakili mahali salama, ndipo asafishe flashi. Michango ya wanawake thelathini, ada za shule zikiwa zinaingoja, isifutwe kwa sababu ya haraka ya dakika mbili. Hesabu zikipotea, fedha haitapotea peke yake. Kuaminiana nako kutakwenda.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Utaona kwamba mbinu zote hizi zina shina moja: kirusi hujifananisha na kitu unachokiamini. Ni daftari safi, ni barua ya rafiki, ni zawadi, ni folda yako mwenyewe. Kwa hiyo programu ya kukinga inahitajika, lakini haitoshi bila mazoea mema.

Kwanza, weka nakala. Hesabu za kikundi na picha za watoto zisikae katika flashi moja tu. Weka nakala nyingine nyumbani, isiyochomekwa ovyo, na daftari la karatasi usilitupe. Aliye na nakala hana sababu ya kumlipa mtu anayedai fidia.

Pili, flashi ya kupeleka steshenari iwe na kile tu unachokwenda kuchapa. Ikirudi, ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Tatu, simu au kompyuta ikikuletea masasisho yake yenyewe, yakubali. Ndiyo dawa ya kuziba matundu. Lakini ukurasa wa mtandaoni ukikutisha kwamba simu yako ina virusi elfu moja na kukutaka upakue dawa, uufunge. Mara nyingi dawa hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Nne, programu za simu zichukuliwe katika duka rasmi la simu hiyo, si faili unayotumiwa na rafiki. Programu ya tochi ikiomba ruhusa ya kusoma meseji zako, jiulize tochi ina haja gani na meseji.

Tano, kaa na watoto uwaeleze haya bila ukali. Mtoto anayeogopa kuchapwa ataficha kosa, na kirusi kinapenda nyumba yenye siri.

Sita, namba ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata anayesema anatoka kampuni ya simu. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Ukidhurika, ripoti polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu anayeharibu taarifa za mwenzake kuwa mhalifu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mama, leo jioni kabla hujalala, chukua ile flashi ya kikundi na umwombe kijana wako anakili hesabu zote mahali pa pili. Ni kazi ya muda mfupi, na mwenzako aliyetoa shilingi elfu mbili kila wiki atakushukuru.