Mwenye kuitwa na tribinali asikose chakula cha siku

Barua ya tribinali ikifika nyumbani hapa Kasungami, watu wengi hawaulizi kwanza kesi ni ya nani. Wanauliza: siku ile tutakula nini? Swali hilo si la aibu. Mutu anayepiga matofali, anayeuza makala ao anayefua nguo za watu analipwa kwa siku aliyotumika. Siku ya tribinali ni siku bila makuta.

Maoni yangu ni haya: kusaidia haki ni kazi ya kila raia, na hatupaswi kuikimbia. Lakini mwenye kuomba siku ya raia anapaswa pia kulinda kazi ya raia huyo na kuheshimu saa zake.

Ndugu zetu waliohamia Marekani na Uingereza wanajua jambo hili kwa njia ingine. Kule, raia wa kawaida anaweza kupata barua ya kumuita aketi tribinali pamoja na wenzake, mara nyingi watu 12, wasikilize kesi na waseme kama mushitakiwa ana kosa ao hana. Mutu anaacha kazi yake na kwenda. Sheria ya Marekani inamukataza bwana wa kazi kumufukuza mufanyakazi kwa sababu hiyo, na tribinali za serikali kuu zinamulipa dola 50 kwa siku. Dola 50 kule ni kidogo, na watu wanalalamika. Lakini angalia wazo lenyewe: serikali inakubali kwamba siku ya raia ina bei.

Hapa Congo hatuna desturi hiyo ya watu 12. Lakini tusidanganyike kwamba haki yetu inafanywa na waamuzi peke yao. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inaruhusu tribinali ya amani, wakati kesi inahusu desturi, kuita wazee wawili wanaojua desturi ile waketi pamoja na muamuzi. Tribinali ya kazi, iliyoundwa na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inakuwa na wasaidizi wa muamuzi: mumoja anatoka upande wa mabwana wa kazi, mwingine upande wa wafanyakazi. Na kesi yoyote, kubwa ao ndogo, inahitaji mashahidi. Shahidi akiitwa, kuja si kwa kupenda. Ni lazima.

Je, sheria inamulinda mwenye kuitwa? Inamulinda nusu. Kodi ya kazi, ambayo nayo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika kifungu cha 57 kwamba kutimiza kazi ya raia kunasimamisha kontra kwa muda. Kusimamisha si kuvunja. Kwa hiyo, bwana wa kazi anayemuambia mulinzi wake «ukienda tribinali usirudie hapa» anapaswa kujua kwamba sheria haiko upande wake. Wafanyakazi wengi hawajui kifungu hicho. Kijueni, na mukitaje kwa heshima.

Lakini kulinda nafasi ya kazi ni jambo moja, na chakula cha siku ile ni jambo lingine. Tena, sheria inasema juu ya mutu mwenye kontra. Hapa kwetu ni wangapi wenye kontra ya kweli? Mama anayetandika tomati mbele ya parsele hana bwana wa kazi wa kumufukuza. Njaa ndiyo inayomufukuza tribinali. Familia zilizokimbia Mitwaba na Pweto zilifika hapa bila shamba na bila mutaji. Kwao siku moja ni kitu kikubwa.

Wengine wanasema: tuache tu, tribinali ni ya wenye makuta, na hata ukisema ukweli hakuna kinachobadilika. Familia za Mitwaba zina sababu ya kusema hivyo. Tarehe 5 Machi 2009, tribinali ya kijeshi iliyokutana Kipushi ilimuhukumu Gédéon Kyungu Mutanga kifo kwa ajili ya makosa juu ya ubinadamu. Kesi ile ilikuwa imeanza mwaka wa 2007, na ndani yake kulikuwa watu walioumizwa waliokubali kusimama na kusema mambo waliyoyaona. Septemba 2011, watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, naye akatoka pamoja na wafungwa karibu elfu moja. Oktoba 2016 alijitoa mikononi mwa serikali, akapokelewa kwa sherehe. Machi 2020 akatoroka tena hapa Lubumbashi.

Ni uchungu. Lakini tuangalie vizuri ni nani aliyeshindwa. Mashahidi hawakushindwa. Walifanya kazi yao, na kwa sababu yao kuna hukumu iliyoandikwa ambayo hakuna mutu anayeweza kuifuta kwa mudomo. Walioshindwa ni wale waliopaswa kulinda mulango wa gereza. Kama wangenyamaza wote, leo tungeambiwa kwamba mambo yale hayakufanyika. Tena, tusimulaumu mushahidi anayeogopa. Kumuita mutu aseme juu ya wenye silaha bila kumulinda ni kumubebesha muzigo wa serikali nzima.

Kesi nyingi za kwetu, hata hivyo, si za vita. Ni parsele iliyouzwa mara mbili, ni mali ya marehemu, ni mahari. Hapo kitu kinachochosha watu zaidi ni kuahirishwa kwa kesi. Mutu anatoka Kasungami asubui, analipa taksi, anangoja mupaka saa nane, kisha anaambiwa: rudia wiki mbili. Akirudia, ni vilevile. Mara ya tatu hakuja, na kesi inaharibika kwa kukosa shahidi. Halafu watu wanasema raia hawapendi haki!

Ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mupya.

Kwa tribinali: kama inajulikana kwamba kesi haitasikilizwa, mujulishe mashahidi mbele ya siku ile. Kila mutu siku hizi ana simu ao jirani mwenye simu. Waiteni kwa saa tofauti, si wote saa mbili asubui. Na karani atie muhuri na saa kwenye barua ya shahidi, ili mufanyakazi amuonyeshe bwana wake kwamba kweli alikuwa pale.

Kwa mabwana wa kazi: ninajua mwenye duka na watu wawili anaumia mumoja akikosa, na ninajua kuna wanaotumia jina la tribinali ili walale nyumbani. Ndiyo maana muhuri ule unafaa pande zote mbili. Ukiuona, usikate mushahara. Siku moja wewe pia utahitaji shahidi juu ya parsele yako.

Kwa shefu wa kartye na mashefu wa avenue: mutu aliyepoteza siku mbili za wiki tribinali asifuatwe tena Jumamosi kwa salongo. Kusafisha muferezi ni kazi ya raia, kusema ukweli mbele ya muamuzi pia ni kazi ya raia. Hesabuni moja mahali pa ingine. Na sisi majirani, ambao tunajua kuchanga likelemba na kuchanga kwa ajili ya matanga, tunaweza kuchanga franka za taksi kwa mama anayeenda kutushuhudilia.

Wahami walioko kati yetu wasibaki inje ya mambo haya. Muzee aliyetoka Mitwaba anajua desturi za kwao kuliko muamuzi aliyetumwa kutoka mbali. Kama kesi ya mali ya marehemu inahusu familia ya kule, yeye ndiye wa kuulizwa. Aitwe, apewe kiti, na arudi nyumbani akiwa na kitu cha kutia ndani ya sufuria.