Lugha ya C Ina Njia Moja Tu

Katika mtihani wa mwaka wa kwanza tuliulizwa: "Taja njia mbili za kupitisha hoja kwenye fankisheni katika lugha ya C." Niliandika kwamba njia ni moja tu, kwa thamani. Nikapewa sifuri. Waliokariri daftari na kuandika "kwa thamani na kwa rejeo" walipata alama zote. Sizililii alama zile. Ninapinga kwa sababu swali hilo bado linaulizwa, na linatuharibia wanafunzi.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Dennis Ritchie alibuni C katika maabara za Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978, yeye na Brian Kernighan walichapisha kitabu cha lugha hiyo ambacho kinasomwa hadi leo. Humo wanaeleza kwamba hoja zote za fankisheni hupitishwa kwa thamani. Fankisheni hupewa nakala, na inachokifanyia nakala hakigusi kigeu cha aliyeiita. Ndiyo maana badilishana(x, y) haibadilishi kitu: zinazobadilishana nafasi ni nakala, nazo hupotea fankisheni inapomaliza kazi.

"Lakini tukiandika badilishana(&x, &y) inafanya kazi," wanajibu. Kweli. Ila tazameni kilichopitishwa. Alama ya & imetoa anwani ya x, na anwani ni thamani kama thamani nyingine. Nayo imenakiliwa. Nikikuandikia anwani ya nyumba yetu kwenye karatasi, unaweza kuja ukaupaka mlango rangi, nami nitaukuta umebadilika. Lakini ukiifuta anwani hiyo na kuandika ya jirani, nyumba yetu haihami. Umebadilisha karatasi yako tu.

Watasema haya ni mabishano ya maneno, matokeo ni yale yale. Njia ya mwongo ni fupi, na hii huishia pale tunapofika kwenye orodha za nodi. Mwanafunzi anaandika ongeza(struct nodi *kichwa, int n), anaunda nodi mpya, anaweka kichwa = mpya, kisha anachapisha orodha kutoka main. Tupu! Aliambiwa kwamba pointa ni rejeo, kwa hiyo anaamini kichwa cha orodha kimebadilika. Kilichobadilika ni nakala ya pointa. Dawa yake ni kupitisha anwani ya pointa yenyewe, yaani struct nodi **kichwa, au fankisheni irudishe kichwa kipya kwa return. Mwenzangu wa chumbani alikesha na kosa hili hadi alfajiri, kisha akasema atahama kozi kwa kuwa hana akili ya kompyuta. Akili alikuwa nayo. Alikuwa ameamini daftari.

"Na safu je?" Hili ndilo kimbilio lao la mwisho. Safu haipitishwi. Jina la safu hugeuka kuwa anwani ya kipengele cha kwanza, na anwani hiyo ndiyo inayonakiliwa. Kwenye mashine ambayo int ni baiti 4 na pointa ni baiti 8, sizeof ya safu ya int 10 hutoa 40 ndani ya main, lakini ndani ya fankisheni iliyopokea safu hiyo hutoa 8. Ingekuwa imepitishwa kwa rejeo, tungepata 40 pote pawili.

Anayetaka kufundisha rejeo la kweli anayo C++. Huko unaandika void ongeza(int &a), na kigeu chenyewe cha aliyeita hubadilika. Andika hivyo hivyo kwenye C uone: kompaila itakataa.

Walimu wetu, tunawaheshimu, ndiyo maana tunawaomba mlibadilishe swali. Tuulizeni: "Kwa nini badilishana(x, y) inashindwa, na katika badilishana(&x, &y) ni kitu gani kinachonakiliwa?" Aliyekariri hatalijibu; aliyeelewa atalijibu kwa mistari mitatu.

Nanyi wanafunzi wenzangu, kabla ya kukubali daftari, au hata insha hii, andikeni programu ya mistari kumi muiendeshe. Kompaila haijali cheo cha mtu.