Kususia Bidhaa kwa Ajili ya Haki ya Vibarua

Mwezi Aprili 2025, Serikali ya Tanzania ilizuia kwa siku chache mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, baada ya nchi hizo kuzuia baadhi ya mazao yetu, zikiwemo ndizi. Sisi wa Mpemba, tulio jirani na mpaka wa Tunduma, twajua maana ya mzigo kukwama njiani. Katazo lile lilikuwa la Serikali, kwa ajili ya kumtetea mkulima wa taifa. Ipo njia nyingine iliyo mikononi mwa mnunuzi wa kawaida: kususia bidhaa ili kumtetea kibarua aliyeivuna. Je, Mkristo aweza kuitumia, na kwa masharti gani?

Njia hii si ngeni Barani Afrika. Mwaka 1959, chama cha ANC kiliwaomba wananchi wa Afrika Kusini wasinunue viazi. Katika mashamba ya Bethal, watu waliokamatwa kwa makosa ya pasi walitumikishwa kwa mateso, wakivaa magunia na kuchimba viazi kwa mikono. Maskini wakaacha chakula chao cha kila siku kwa ajili ya ndugu zao. Tarehe 26 Juni mwaka huo huo, Mwalimu Julius Nyerere alihutubia mkutano wa London uliozindua harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini.

Mwaka 1965, huko Delano, California, wavuna zabibu wenye asili ya Ufilipino waligoma, wakaungwa mkono na wenzao wenye asili ya Mexico walioongozwa na César Chávez, mwamini Mkatoliki. Familia nyingi mijini zikaacha kununua zabibu, na mwaka 1970 wenye mashamba wakatia saini mikataba na chama cha wafanyakazi.

Papa Leo XIII, katika “Rerum novarum” ya mwaka 1891, alitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Papa Benedikto XVI, katika “Caritas in veritate” ya mwaka 2009, alifundisha kuwa kununua ni tendo la kimaadili, wala si la kiuchumi peke yake. Kwa mwanga huo, twaona masharti matatu: wafanyakazi wenyewe waridhie, madai yawe wazi, na mgomo ukome madai yakitimizwa. Pasipo hayo, mnunuzi aliye mbali hutuliza dhamiri yake huku kibarua akipoteza kazi.

Hata hivyo, wengi wetu hapa tu waajiri pia. Wakati wa kuchuma kahawa Mbozi na kupalilia mahindi, twaita vibarua. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lamtaka mwenye shamba alipe ujira kabla ya jua kuchwa. Mtume Yakobo, sura ya 5, aonya kwamba kilio cha wavunaji waliodhulumiwa humfikia Mungu. Kumwambia kibarua asubiri hadi mazao yauzwe, au kumjazisha debe kupita kipimo, ni dhuluma ile ile tunayoilaani kwingine.

Basi, kabla ya kuuliza ni nani alivuna zabibu za mbali, tumlipe leo aliyepalilia shamba letu, kwa kipimo tulichokubaliana naye.