Tunalipia Spea, Akili ya Fundi Tunataka Bure

Wiki hii siasa naiweka kando, msinune. Waheshimiwa hawakimbii, tutawakuta palepale. Leo nataka kusema juu ya mafundi wa magari, hasa magari ya zamani, na juu ya sisi tunaowalipa. Maana kuna dhuluma hapa, na si ile tuliyozoea kuilalamikia.

Tuliyozoea ni kusema fundi mwongo, fundi mwizi, ukimwachia gari anachomoa betri nzima anakuwekea mbovu. Yapo hayo, sikatai. Lakini hebu tujiulize, fundi wa mtaani anakula wapi? Akikuambia "badilisha pampu", utatoa hela ya pampu, utatoa hela ya ufundi, na kule dukani ana cha juu chake. Akikuambia "hakuna kilichoharibika, ni uchafu tu, nimeutoa", utampa elfu mbili ya soda na kumwambia Mungu atamlipa. Kwa bei hizo, wewe ungekuwa fundi ungeona ugonjwa gani kwenye gari la mtu?

Nachukua mfano wa Bungu, kwa sababu naujua vizuri. Kwa asiyepajua, ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa unapita Mkuranga, unapita Jaribu Mpakani, halafu Bungu kabla hujafika Kibiti mjini. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Nyamisati, kunakopandiwa boti za Mafia. Baba yangu mdogo anayo pale Landrover 109, Series III, pikapu, injini ya petroli ya sisi 2,286. Gari za toleo hilo zilianza kutengenezwa 1971 zikakoma 1985, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani inanizidi umri mimi ninayeandika. Linabeba mihogo, linabeba nazi, msimu ukifika linabeba korosho. Wapita njia wanaliita mkweche. Sawa, lakini nauli yangu ya chuo mara nyingi ilitoka kwenye mkweche huo.

Mwaka jana likaanza tabia. Asubuhi linawaka vizuri, linakwenda dakika ishirini, linazima. Ukingoja nusu saa linawaka tena kama si lenyewe. Likapelekwa gereji moja mjini. Wakasema koili inachemka, ikanunuliwa koili. Likazima. Wakabadilisha kondensa na pointi. Likazima. Ikaja pampu ya mafuta, ikaja kabureta, jumla ikapita laki sita. Mwisho ikatoka hukumu kwamba injini imechoka, ipigwe ovahol au mzee aliuze kwa watu wa chuma chakavu. Baba mdogo akaanza kuulizia bei ya kilo.

Aliyeliponya ni mzee mmoja wa palepale Bungu. Hana gereji, ana mwembe. Na hakuanza kwa kufungua boneti, alianza kwa kuuliza. Linazima ghafla au linakohoa kwanza? Baba mdogo akajibu linakohoa, linapungua nguvu, ndipo linazima. Basi nianzie kwenye mafuta, akasema mzee, maana moto ukikatika gari huzima kama taa. Ugonjwa ulianza lini? Baada ya safari moja ya Nyamisati. Siku hiyo kitu gani kilibadilika? Hapo baba mdogo akafikiri sana, kisha akakumbuka kwamba kifuniko cha tangi kilidondoka njiani. Akaweka nini badala yake? Kipande cha tyubu, akakikaza kwa raba mpaka basi, mchanga usiingie.

Mzee akasema tuliendeshe mpaka lizime. Likazima njia ya Nyamisati, kwenye mikorosho. Pampu ya gari hilo ina mkono mdogo wa kupampu mafuta bila kuwasha injini. Akachomoa bomba kwenye kabureta, akapampu. Hola. Akaenda kulegeza ile tyubu kwenye tangi, ikapiga fyuuu! Akarudi kupampu, petroli ikaruka.

Tangi lilikuwa halipumui, basi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, isipoingia pampu hufika mahali haivuti tena. Ukingoja nusu saa hewa inapenya taratibu na gari linawaka. Na kule gereji kila walipotaka kulijaribu walitia petroli kwanza, na kutia petroli ni kufungua tyubu, kwa hiyo lilizunguka mtaa safi kabisa na kila spea mpya ikaonekana ndiyo dawa!

Sasa sikieni malipo. Mzee akaomba elfu kumi na tano. Baba mdogo, ambaye laki sita zilimtoka bila kelele, akaanza kupatana. "Fundi, si umelegeza raba tu?" Mzee hakugombana. "Haya, mzee mwenzangu, toa uliyo nayo." Akapewa elfu tano. Nampenda baba yangu mdogo na atanisamehe, lakini siku ile alinikera.

Alilipa laki sita kwa kubahatisha, halafu akaona elfu kumi na tano ni nyingi kwa kujua. Na si yeye peke yake. Bongo nzima ndivyo tulivyo, tunalipia kinachoshikika.

Gari la zamani lina hisani moja, halifichi kitu. Injini ya petroli ya namna ile inataka moto kwa wakati wake, mafuta safi, hewa, na mbano kwenye silinda. Ukipima kimoja kimoja kwa mpangilio utafika tu. Plagi unaichomoa unaangalia cheche. Pampu nyingi za zamani zina kikombe cha kioo, maji yakiwa kwenye petroli unayaona kwa macho yako yametuama chini. Ukiwa na taa zinazofifia na stata inayovuta kwa uvivu, usikimbilie betri mpya, kwanza ufungue waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesi uupige msasa. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, maana gari la kwanza lilipotoka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chesi ni chuma, na kwa hewa yetu ya pwani kutu haina huruma. Msasa ni bei gani? Betri ni bei gani?

Najua kuna watakaosema mikweche iachwe ife, inakunywa petroli kama ng'ombe mnadani. Kuhusu petroli siwabishii. Lakini msidhani gari jipya linawatoa kwenye mjadala huu. Siku hizi fundi anachomeka mashine, inasoma kompyuta ya gari, na mteja analipa hela ya kuchomeka bila kubisha. Mashine ikisema silinda ya pili inamisi, bado hujui kama ni plagi, koili au nozeli. Inabaki palepale, mtu mwenye akili aulize na apime. Ajabu ni kwamba mashine inalipwa kwa kutazama, mzee wa chini ya mwembe halipwi!

Pendekezo langu ni dogo. Ukipeleka gari, patana kwanza bei ya kutafuta ugonjwa, iwe pembeni na bei ya spea, na umlipe hata kama dawa ni tundu la sindano. Asipoupata, usimlipe. Na uwe na daftari garini, uandike kila kilichobadilishwa na tarehe yake. Laiti daftari hilo lingekuwepo, kifuniko kilichodondoka kingesomeka ukurasa wa kwanza.

Oktoba 2024 Landrover za kila rika zilijaa Arusha kwenye tamasha lao, watu wakashangilia na kupiga picha. Vizuri sana. Mimi nilikuwa najiuliza ni nani anayezifanya ziwake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mzee wa Bungu kumuuliza kama ana mwanafunzi. Hana. Walikuja vijana wawili, wakakaa mwezi mmoja, wakaondoka kwenda kuendesha bodaboda. Anasema hawalaumu, bodaboda inalipa kila jioni.