Bahasha isiyo na jina la dawa ni hatari kwa mgonjwa wa presha

Swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki ni hili: daktari, ugonjwa wangu ni mmoja, kwa nini nimeandikiwa dawa mbili za presha? Wengine hawaulizi. Wanafika nyumbani, wanachagua ile wanayodhani ni kali zaidi, nyingine inabaki juu ya kabati.

Presha haipandi kwa njia moja. Kuna mishipa iliyokaza, kuna chumvi na maji yaliyozidi mwilini, kuna moyo unaosukuma kwa nguvu, na kuna homoni zinazoanzia kwenye figo na kuiamuru mishipa ibane. Ukiziba njia moja, mwili hutafuta nyingine. Ndiyo maana dawa mbili kwa dozi ndogo mara nyingi huishusha presha kuliko dawa moja kwa dozi kubwa, na maudhi yake huwa machache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa dawa, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja, kama tiba ya kuanzia. Kwa hiyo ukiandikiwa mbili, usidhani daktari anabahatisha.

Zipo hata dawa zinazosaidiana. Amlodipini hulegeza mishipa, lakini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu. Ikiongezwa losartani, uvimbe huo hupungua kwa wengi. Bahati mbaya, mtu akivimba miguu hukimbilia dukani kununua dawa ya kukojoza. Uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ile haiusaidii sana. Inamwachia mgonjwa kiu, kizunguzungu na safari za chooni.

Tatizo linaanza pale dawa zinapokutana mwilini na hakuna mtu hata mmoja anayezijua zote. Chukua mfano wa mama mwenye presha na maumivu ya magoti. Zahanati ya kijijini kwake ilimpa enalaprili. Akaenda kumtembelea mwanawe mjini, akapimwa, presha ikaonekana iko juu, akapewa kidonge chenye losartani na hidroklorothiazidi. Magoti yalipomsumbua, mjukuu akatumwa duka la dawa, akarudi na diklofenaki. Kila aliyempa dawa alikuwa na sababu yake nzuri. Lakini mama huyu sasa yuko kwenye hatari mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni enalaprili na losartani kwa pamoja. Zote zinaziba njia ileile ya homoni, ila katika hatua tofauti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 25,000, ulijaribu dawa mbili za makundi haya kwa pamoja. Wagonjwa hawakupata kinga zaidi dhidi ya kiharusi wala mshtuko wa moyo, ila walipata zaidi presha ya kushuka na matatizo ya figo. Kuzitambua si kazi ngumu: jina la dawa likiishia na "pril" ni la kundi moja, likiishia na "sartan" ni la kundi jingine. Ukiziona zote mbili kwenye mfuko wako, mwone daktari. Na ukiongeza juu yake spironolaktoni au vidonge vya potasiamu, madini hayo yanaweza kupanda kwenye damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila dalili yoyote ya kukuonya.

Ya pili, na ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu inanunuliwa kama peremende, ni diklofenaki. Ibuprofeni na ndugu zake wamo pia. Fikiria figo kama chujio lenye bomba la kuingiza damu na bomba la kuitoa. Dawa ya kukojoza inapunguza maji kwenye tangi. Dawa ya "pril" au "sartan" inalegeza bomba la kutolea. Kisha diklofenaki inabana bomba la kuingizia. Msukumo ndani ya chujio unaanguka, na figo inaweza kugoma kufanya kazi. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2013, uliowafuatilia wagonjwa wa presha zaidi ya 480,000, ulionyesha kwamba hatari ya figo kuumia ghafla kwa wanaotumia dawa hizi tatu kwa pamoja iko juu zaidi katika siku 30 za mwanzo. Yaani mtu hahitaji kuzitumia miaka.

Isitoshe, diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Mgonjwa anarudi kliniki presha iko juu, anaongezewa dozi, kumbe kinachoipandisha kiko kwenye mkoba wake. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa, na kama magoti hayatulii, hilo nalo ni jambo la kumwambia daktari. Ukiharisha au kutapika sana huku unatumia dawa za kukojoza, "pril" au "sartan", nenda kituoni siku hiyohiyo uulize kama uzisimamishe kwa muda.

Mchanganyiko mwingine wa kuuliza ni atenololi, au dawa yoyote inayoishia na "olol", pamoja na verapamili. Zote hupunguza mapigo ya moyo, na kwa pamoja zinaweza kuyashusha hadi mtu akazimia.

Sasa, huyo mama angewezaje kujua? Dawa yake iko kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1 x 1". Basi. Hakuna jina, hakuna miligramu. Pakiti imekatwa kwa mkasi, na kipande chenye jina kimebaki dukani. Daktari wa pili akimuuliza anatumia dawa gani, atajibu "vile vyeupe vidogo". Vyeupe vidogo viko vingi! Kuna hata anayemeza dawa moja mara mbili kwa siku nzima ya Mungu, kwa sababu viwanda viwili vimeipa majina mawili ya biashara.

Kuandika jina la dawa kwenye bahasha kunachukua sekunde kumi. Sikubaliani na wanaosema foleni ni ndefu au mgonjwa hajui kusoma. Hata kama hajui, mwanawe anajua, na mhudumu atakayempokea usiku akiwa hajitambui anajua. Wenye maduka ya dawa na wasimamizi wa vituo walichukulie jambo hili kama sehemu ya tiba, na wakaguzi wakifika waombe kuiona bahasha, wasiishie kwenye leseni ya ukutani. Nawe usiondoke dirishani kabla jina halijaandikwa. Omba kwa upole, lakini usiondoke.

Kwa kina mama walio katika umri wa kuzaa: dawa za "pril" na "sartan" zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kama unapanga ujauzito, au umekosa siku zako, sema mapema ubadilishiwe, kwani zipo dawa kama methildopa na nifedipini zinazotumika kwa wajawazito. Na wazazi wenye watoto wadogo, dawa za bibi zisikae juu ya meza. Kidonge kimoja au viwili vya nifedipini au amlodipini vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto anayetambaa.

Ukishasoma haya, tafadhali usiende kuzitupa dawa zako. Atenololi ikikatizwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua na presha kuruka. Fanya hivi: siku ya kliniki chukua mfuko, tia kila unachomeza. Za presha, za sukari, za maumivu, za mafua, hata ile chupa ya mitishamba uliyoletewa na shemeji. Mwage vyote mezani kwa daktari au mfamasia na umwambie avipitie kimoja kimoja. Akikunja uso kwa sababu ya chupa ya shemeji, vumilia, lakini usiifiche.