Ubabe Vyumbani mwa Wachezaji Ukomeshwe

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 1909 + 100, yaani 2009, na ukafungwa mwaka 2021. Kama ilivyo kanuni ya migodi yote mikubwa, mfanyakazi mgeni hakupelekwa shimoni siku ya kwanza ili wenyeji wamcheke. Alivishwa kofia ngumu na viatu vya kazi, akafundishwa alama za hatari, akaonyeshwa njia ya magari makubwa na mahali pa kujikinga baruti inapolipuliwa. Haikuwa hisani. Mgodini, mgeni asiyejua kitu ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenyeji wake.

Hata katika maduara ya wachimbaji wadogo, ambako hakuna bwalo wala mwalimu wa usalama, jambo hilo linaeleweka. Anayeshuka na anayeshika kamba ni watu wawili wenye uhai mmoja. Mwenye akili hamdhalilishi leo yule atakayemshikia kamba kesho.

Ni ajabu basi kwamba kijana wa ukanda huo huo, akitoka Kahama, Shinyanga au Geita na mfuko wake wa viatu kwenda kusajiliwa na timu ya mpira wa miguu, anaweza kupokewa kwa desturi iliyo kinyume kabisa. Ubabe wa vyumba vya kubadilishia nguo una sura nyingi, nao unajulikana katika nchi nyingi zenye mpira wa kulipwa. Mgeni huamriwa aimbe na kucheza mbele ya wakubwa akiwa nusu uchi. Hufulishwa jezi zisizo zake. Hulala sakafuni ilhali kitanda kipo. Hutozwa sehemu ya posho yake ya kwanza kwa jina la ada ya kuingia. Huchekwa kwa lafudhi yake, kwa kabila lake, kwa rangi yake au kwa umaskini wa kwao. Akikasirika, huambiwa hana moyo wa mpira. Akinyamaza, hutafutiwa jingine.

Haidaiwi hapa kwamba kila timu ina uovu huo, wala kwamba kila mzaha ni mateso. Linalodaiwa ni kwamba mahali ambapo uovu huo upo, umefunikwa kwa majina mazuri matatu: utani, nidhamu na mila. Majina hayo hayana budi kuvuliwa mmoja mmoja, ili kilichofichwa chini yake kionekane.

La kwanza ni utani. Watanzania hawahitaji kufundishwa utani. Makabila yao yameishi nao kwa vizazi. Lakini utani una sheria zake. Mtani hutania akataniwa. Akitoa neno, hupokea neno. Tena mtani huyo huyo ndiye anayefika kwanza msibani, akachimba kaburi na kuwachekesha wafiwa ili machozi yakauke. Je, mchezaji wa miaka 18 aliyewasili jana anaweza kumjibu nahodha mwenye miaka 10 katika ligi kwa kipimo kile kile, kisha wakacheka pamoja? Kama hawezi, basi huo si utani. Ni ubabe uliovaa kanzu ya utani.

Nchi hii ilikwisha kulipa gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miaka mingi, palikuwa na kile kilichoitwa Mzee Punch. Watu wasiojitaja majina walibandika ukutani maandishi na michoro ya kumfedhehesha mwanafunzi waliyemchagua, na mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa msichana. Wenzake walitakiwa kumtenga, na aliyethubutu kuwa karibu naye alijiweka katika hatari ya kubandikwa yeye pia. Wasomi waliita jambo hilo mzaha wa chuo. Mwezi wa Februari mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa hivyo alijiua. Ndipo wengi walipozinduka na kukiri kwamba mzaha ule haukuwa mzaha, na Punch ikapigwa marufuku. Kuzinduka huko kulikuja baada ya maziko. Hakuna sababu ya mpira wa miguu kungoja maziko yake.

Jina la pili ni nidhamu. Husemwa kwamba mpira ni kazi ya wanaume, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inasema kukunja, haisemi kuvunja. Nidhamu ni kufika mazoezini kwa wakati, kulinda mwili, kumsikiliza kocha na kukubali kukaa benchi bila chuki. Katika mambo hayo yote hakuna hata moja linalofundishwa kwa kumvua kijana nguo mbele ya wenzake.

Wala si kweli kwamba wanaoumia ni wanyonge tu. Jonathan Martin, mchezaji wa timu ya Miami Dolphins katika mpira wa Kimarekani, alikuwa pande la mtu lenye uzito wa zaidi ya kilo 130. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 aliondoka kambini, asiweze kuvumilia tena. Ripoti ya mwanasheria Ted Wells, iliyotolewa Februari 2014, ilieleza kwamba wachezaji watatu wa timu hiyo walimsumbua kwa matusi mazito, na kwamba mchezaji mwingine kijana pamoja na msaidizi wa tabibu wa timu walitendewa hivyo pia. Wachezaji hao walikuwa na utaratibu wao wa faini, na mojawapo ya makosa lilikuwa kupeleka habari kwa viongozi. Kosa hilo walilipa jina la Yuda. Katika nyumba ambamo kusema kweli huitwa usaliti, nidhamu haipo tena. Iliyobaki ni hofu.

Mara nyingine mbabe si mchezaji mkongwe bali ni mwalimu mwenyewe. John Yems, aliyekuwa kocha wa Crawley Town katika ligi ya daraja la nne nchini Uingereza, alifungiwa mwaka 2023 kwa maneno ya kibaguzi aliyowatolea wachezaji wake. Adhabu ya kwanza ilikuwa miezi 18. Chama cha mpira cha nchi hiyo kikakata rufaa, ikawa miaka mitatu. Funzo kwa Afrika si kwamba Wazungu ni wabaya kuliko wengine. Funzo ni kwamba kijana akinyanyaswa na mtu anayepanga kikosi, hana mlango wa kugonga ndani ya klabu yake, na lazima mlango huo uwekwe nje.

Jina la tatu ni mila. "Hata sisi tulipitia hayo," husema wakongwe. Hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtu aliyeumwa na nyoka hatakiwi kufuga nyoka ili mwanawe naye aumwe. Mila za kweli zilimpokea kijana kwa mpango. Katika Usukuma vijana walilima pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, kwa taratibu zilizojulikana na kila mmoja. Katika makabila yenye jando, kijana alikuwa na mwangalizi mtu mzima, mafunzo yalikuwa na maana, na mwisho wake ulikuwa sherehe. Ubabe wa chumbani hauna mwangalizi, hauna funzo, wala hauna mwisho. Na Waswahili walikwisha kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni apewe kazi kama wenyeji. Methali haikusema apewe kiboko.

Kwa nini basi uovu huu unadumu? Sababu yake si mila bali ni tumbo. Nafasi za kuanza uwanjani ni kumi na moja tu, na kila kijana anayesajiliwa ni tishio kwa mkate wa mkongwe mmoja. Asiyeweza kumshinda kijana kwa mbio atajaribu kumshinda kwa hofu kabla mbio hazijaanza. Kijana naye hunyamaza kwa sababu analala kambini, anakula kambini, fedha zake za usajili hazijakamilika, na nauli ya kurudi kwao hana. Kocha mvivu hufumba macho kwa sababu wakongwe humfanyia kazi ya kuwatisha wengine. Hivyo kila mmoja ana faida yake isipokuwa timu.

Timu hupata hasara, tena hasara inayoonekana kwa macho. Chuki ya chumbani hutoka kwa mlango ule ule unaotoka wachezaji. Winga aliye huru hanyimwi pasi kwa bahati mbaya kila wakati. Beki aliyeaibishwa asubuhi haombi msaada jioni. Hukaa kimya, na bao huingia. Watu wa Shinyanga hawahitaji kuelezwa mgawanyiko unavyoua timu. Stand United, iliyoasisiwa na watu wa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kupata ufadhili wa kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu. Mwaka 2016 uongozi ukagawanyika makundi mawili na ufadhili ukapotea. Mwaka 2019 timu ikashuka. Ule ulikuwa ugomvi wa viongozi, si wa wachezaji, lakini kanuni ni moja: nyumba iliyogawanyika haifungwi na wageni, hujifunga yenyewe.

Watumishi wa umma wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mpira peke yao. Geita Gold, iliyocheza Ligi Kuu kuanzia 2021 hadi iliposhuka mwaka 2024, ilikuwa timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, na Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Magereza, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao wana timu zao. Katika timu za namna hiyo mwajiri ni umma, na anayeidhinisha malipo ni mtumishi wa umma. Afisa asiyekubali karani mpya apigwe makofi masijala hawezi kukubali mchezaji mpya apigwe makofi kambini, kisha akaita hilo michezo.

Sheria nayo haikuacha mwanya. Katiba inakataza mtu kuteswa au kutendewa mambo ya kumtweza na kumdhalilisha. Haikusema isipokuwa wanamichezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usumbufu dhidi ya mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, wakiwamo wale wanaocheza katika timu za vijana. Kinachokosekana ni utashi. Simba na Yanga zimewahi kutozwa faini kwa kukwepa vyumba vya kubadilishia nguo au kupita milango isiyo rasmi, kwa kile ambacho kila mtu anajua kuwa ni hofu ya uchawi. Haiwezekani mpira uwe na jicho kali kwa mlango wa chumba, kisha uwe kipofu kwa yanayotendeka ndani yake.

Wala mapambano haya si mageni katika historia ya nchi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa mjivuni na mbabe kwa anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwanda walilishika neno hilo, na katika migomo ya miaka ile malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara bali ya matusi na dharau za mameneja. Mfanyakazi wa kiwandani alitambua zamani kwamba heshima ni sehemu ya ujira. Mchezaji wa mpira ni mfanyakazi, na jezi haimpunguzii utu.

Linalotakiwa kufanywa si gumu. Kila klabu iandike katika kanuni zake za kambi kwamba kumpiga, kumvua nguo, kumtoza fedha au kumtukana mgeni ni kosa lenye adhabu, hata mkosaji akiwa mfungaji bora. Kila mchezaji mpya akabidhiwe kwa mkongwe mmoja atakayekuwa mwenyeji wake, na mkongwe huyo aulizwe habari zake. Malalamiko yasiishie kwa nahodha na kocha. Yawe na njia ya kufika Bodi ya Ligi, TFF na chama cha wachezaji, SPUTANZA, bila mlalamikaji kupoteza nafasi yake.

Walimu nao wana sehemu yao, tena kubwa. Mbabe wa kambini hakuzaliwa kambini. Wengi walijifunza bwenini, pale kidato cha kwanza alipoitwa njuka, akabebeshwa ndoo za wakubwa na kunyang'anywa sukari yake, huku mwalimu wa zamu akipita na kutabasamu. Wachezaji wa UMITASHUMTA na UMISSETA wa leo ndio watakaojaza vyumba vya Ligi Kuu kesho. Mwalimu anayemlinda njuka mmoja usiku mmoja anafanya kazi ambayo hakuna kamati ya nidhamu itakayoweza kuifanya miaka 10 baadaye.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo nyumba za nchi hii zilivyowapokea watu tangu zamani. Klabu inayompokea kijana kwa fedheha isishangae kwamba haiponi.